Volti Kumi na Mbili

Jumberi ameshuka tena kutoka milima ya Racha,
Subaru yake inanuka petroli mbichi na nta,
madumu ya asali yanagongana nyuma,
na ile taa ya injini, rangi ya kiini cha yai,
inamkodolea jicho tangu Krismasi.
"Makvala," anasema, "nimeshanunua vihisi vitatu.
Cha kwanza hapa Kutaisi, cha pili Tbilisi,
cha tatu shemeji alikituma kutoka Ugiriki.
Gari inakunywa kuliko marehemu baba."

Sijibu. Nachomeka skana.
Skana husema neno moja, kama mtoto aliyetumwa dukani:
*kipasha-joto cha kihisi.*
Haisemi kwa nini. Wenzangu wa mtaa huu
hufika hapo, wakauza kihisi.

Ni pua tu, iliyopachikwa kwenye ekzosi.
Hunusa moshi, hupima hewa iliyosalia,
huinong'oneza kompyuta: ongeza, punguza.
Lakini ikiwa baridi hainusi kitu,
na kompyuta isiyonong'onezwa humimina petroli
kama mama mkwe anayehofia mgeni atalala njaa.

Nainua gari. Maji ya theluji yananiingia mkononi mwa koti.
Kipasha-joto: omu sita. Kizima.
Fyuzi nzima.
Napima soketi kwa mita: volti kumi na mbili,
bila pungufu.
Hapo ndipo wengi hudanganyika.
Mita haiombi kitu, inachungulia tu mlangoni,
na nyumba yenye taa moja sebuleni
huonekana ya tajiri.

Nina balbu kuukuu ya breki, nimeitia waya mbili,
inaishi kisandukuni miaka kumi.
Naichomeka palepale.
Uzi wake unapata wekundu kidogo,
sigara ya mtu anayesinzia. Basi.
Volti zipo. Nguvu hakuna.

Nafuata waya kwa vidole, nyuma ya giaboksi,
chini ya kibati ambacho chumvi ya barabara
imekitafuna pamoja na boliti yake,
nakuta kivimbe.
Tepu.
Tepu ya kijani.

Kutaisi nzima namjua fundi mmoja
anayefunga waya kwa tepu ya kijani:
alinunua katoni nzima kwa bei ya kutupa
kiwanda cha soksi kilipouza stoo yake.
Fundi huyo ana mikono yangu.

Naibandua. Shaba imekuwa unga.
Kati ya nyuzi ishirini, tatu ndizo zinashikana.
Ilikuwa Februari ya mwaka juzi, usiku,
Jumberi akiwahi msiba, nami nikiwahi kulala;
nikasokota, nikafunga, nikasema
ukirudi nitalehemu.
Hakurudi. Sikumpigia.

Chini ya gari hakuna anayekuona uso.
Ningeutia mfukoni ule uchafu
na kusema: chumvi, Jumberi, chumvi ya serikali.

Nakata hadi nipate shaba inayong'aa.
Navisha mrija kwanza (nani hajawahi kuusahau?),
nasokota, napasha, risasi inalainika
na nyuzi zinainywa.
Mrija unasinyaa, unashika.
Balbu sasa inaniumiza macho.

Injini ikipata moto, mstari kwenye skana,
uliokuwa umelala tuli,
unapanda, unashuka, unapanda:
sufuri nukta moja, sufuri nukta tisa,
pua iliyozibuka baada ya mafua marefu.

Jumberi anauliza bei.
Naiweka tepu juu ya boneti.
"Hii ni yangu," namwambia. "Kazi yangu."
Anaitazama. Namsikia akihesabu,
Kutaisi, Tbilisi, nauli ya kifurushi cha Ugiriki.
"Vile viwili ulivyovitoa ni vizima," nasema. "Vilete,
nitakutafutia mnunuzi."

Kila safari huniachia chupa ya asali dirishani.
Leo anafunga mlango taratibu, anarudi nyuma,
anakata kona ya duka la mikate.
Nasimama barabarani nikinusa moshi wake.
Hauna harufu yoyote.